Nafasi Nyeupe Juu ya Mabomba Manne

Ninyi mnaokaa sasa mbele ya skrini nilizoziacha mmeniomba mara kadhaa niandike jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi. Nimekubali kwa sharti moja: nitaandika yale niliyoyaona kwa macho yangu au kuyashika kwa mikono yangu. Yale niliyoambiwa nawaachia walioniambia. Hamtakuta humu habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mishahara ya kazini kwetu mnaijua. Mtakuta habari za herufi, hasa herufi za vichwa vya matangazo, kwa sababu kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya kazini lilikuwa katika kichwa cha maneno matano, na watu waliugua.

Niliingia katika nyumba ya uchapishaji iliyo karibu na stesheni ya reli, hapa Kalemie, mara tu baada ya kumaliza sekondari, nikiwa na hakika kwamba najua kusoma. Papa Kabwe, mkuu wa wapangaji herufi, aliweka mbele yangu mstari wa herufi za madini ya risasi uliokwisha kupangwa, akaniambia niusome. Herufi za risasi zimegeuzwa, ili zikigandamizwa juu ya karatasi zitoke sawa. Nilikodoa macho, nikabahatisha neno moja, nikakosea.

"Umesoma mpaka wapi?" akaniuliza.

"Nina diplome ya Etat, Papa."

"Basi ile diplome yako inasomaka upande moya tu. Kamata ufagio."

Nilifagia wiki mbili. Kila jioni, kabla ya kufunga, nilirudisha herufi katika trei ya mbao, kila moja katika chumba chake kidogo, nikizipapasa kwa kidole mpaka nikaweza kuitambua *b* na *d* bila kuzitazama. Ndiyo shule niliyoihitaji.

Jambo la kwanza nililojifunza kuhusu vichwa lilitokana na upungufu. Seti zetu za herufi zilitengenezwa kwa ajili ya Kifaransa, lugha inayotumia K mara chache sana. Sasa siku moja akaja mteja na tangazo lenye kichwa hiki: KIKAO KIKUBWA CHA WAKAAJI WA KATAKI. Hesabuni wenyewe. Kichwa kile kinadai K saba, na seti nzuri, ile yenye miguu myembamba, yaani vijistari kwenye ncha za herufi, ambayo kila mteja aliipenda, ilikuwa na K nne. Nikamwambia Papa Kabwe kwa ushujaa wa mtu asiyejua kwamba nitaazima K tatu kutoka seti nyingine.

"Weye ukiendaka kanisani," akasema bila kuinua macho, "unavaaka kiatu moya ya kwako na moya ya jirani?"

Akaenda kwenye kabati la nyuma, akatoa seti nene ya mti iliyochongwa na seremala wa mjini, isiyo na urembo wowote, yenye K za kutosha kijiji kizima. Mteja alinung'unika kwamba kichwa chake kimekuwa kama cha mbao za jeneza. Papa Kabwe alimwuliza kama anataka kichwa kizuri au anataka watu waje kwenye kikao. Mteja akatia sahihi.

Hiyo sahihi nayo inahitaji maelezo, kwa maana hadithi yangu yote inapita juu yake. Katika uchapishaji wetu hakuna karatasi iliyowekwa kwenye mashine kabla mtu mmoja mwenye jina hajatia sahihi chini ya nakala ya majaribio na kuandika *bon à tirer*, yaani: ruhusa, chapeni. Mwenye sahihi ndiye mwenye kosa. Hata kama fundi wa mashine alikuwa amesinzia, hata kama mteja alileta maneno mabovu, kosa ni la aliyetia sahihi. Papa Kabwe alipozeeka alinikabidhi kalamu hiyo, na nilikuwa nayo mpaka siku ya mwisho.

Risasi ikaondoka, kompyuta zikaja. Sitawachosha na miaka ile ya diskete, ila jambo moja. Mteja alituletea mwaliko wa harusi aliokuwa ameuandika kwa kompyuta ya mjomba wake, kwa herufi za kujipinda kama mashina ya maharagwe. Tulipoufungua kwenye kompyuta yetu, mapindo yote yalikuwa yametoweka. Majina ya bwana na bibi harusi yalisimama wima kama wafungwa. Mteja alidai tumeyabadilisha makusudi. Hatukugusa chochote. Diskete ilibeba maneno pamoja na jina la aina ya herufi. Herufi zenyewe zilibaki kwa mjomba. Kompyuta isiyo na aina ile ya herufi huchukua nyingine iliyo nayo. (Kwa Kifaransa aina ya herufi huitwa kwa neno lile lile la askari wanaosimamisha magari, *police*. Mimi nitasema fonti, kwa maana sina haja ya kuwatia hofu wasomaji.)

Kwa hiyo tulipoanza kutengeneza tovuti, sikuona jambo geni. Msomaji aliye Kirungu, juu kwenye milima ya Marungu, au aliye Manono, anafungua ukurasa wetu kwa chombo chake mwenyewe, na chombo kile kina trei yake ya herufi. Sisi tunatuma maneno na jina la fonti. Ikiwa fonti ile imo katika trei yake, ataona tulichokusudia. Ikiwa haimo, ataona kitu kingine. Zipo fonti chache zilizowekwa tangu kiwandani katika kompyuta karibu zote. Hizo ndizo fonti salama za tovuti, na kwa miaka mingi vichwa vyetu vyote vilitoka humo.

Nilizijaribu moja moja. Georgia ina miguu imara na inafaa kwa kichwa cha habari ya heshima, ila tarakimu zake hupanda na kushuka, na kwa hiyo sikuiruhusu katika vichwa vyenye tarehe au saa za mashua. Verdana ni pana, inasomeka hata kwenye skrini iliyopasuka, lakini upana ule hukivunja kichwa cha Kiswahili mahali pabaya: neno kama *wanaoshughulikia* hujaza mstari mzima wa simu peke yake. Tahoma ni ndugu yake aliyekonda, na niliipenda kwa vichwa virefu. Arial haina kosa wala sifa. Kila mara tuliandika fonti tatu kwa mpangilio, ya kwanza, ya pili ya akiba, na mwisho agizo la jumla linalokiambia chombo: tumia yoyote uliyo nayo isiyo na miguu. Agizo hilo la mwisho msiliache kamwe. Simu nyingi zinazouzwa hapa sokoni hazina hata moja kati ya fonti nilizozitaja. Zinaishi kwa agizo lile la mwisho. Kichwa hakitafanana kila mahali, lakini kitaonekana kila mahali, na mimi sikudai zaidi ya hapo.

Sasa nakuja kwenye kosa.

Tulikuwa tukitunza ukurasa wa kamati moja ya maji ya mitaa. Kila Jumatatu tuliweka orodha ya mabomba ya mtaani yatakayofunguliwa wiki ile, kwa maana hayafunguliwi yote kwa pamoja. Watu walizoea. Ukurasa ulikuwa mwepesi makusudi: kichwa, tarehe, majina ya mabomba, basi. Nilikuwa na kanuni ya tangu zamani za risasi kwamba maneno ya chini yasirudie yaliyosemwa na kichwa. Karatasi ilikuwa ghali, na megabaiti nazo ni ghali.

Mkurugenzi wetu akarudi kutoka safari ya Kinshasa, akasema vichwa vyetu vina sura ya ofisi ya serikali. Alitaka sura mpya. Kazi ikapewa Solange, aliyekuwa fundi wetu wa tovuti, mwanamke makini kuliko wengi niliofanya nao kazi. Akachagua fonti nene yenye mikato ya kupendeza, fonti isiyomo katika simu ya mtu yeyote; kila simu ilipaswa kuivuta kutoka mbali kupitia mtandao, kisha kuitumia. Nilimwuliza:

"Na kama haifiki?"

"Inafikaka, Papa Ilunga. Ona."

Akafungua ukurasa kwenye kompyuta yake. Kichwa kilitokea papo hapo, kizuri kabisa. Nikafungua kwenye yangu, nacho kikatokea. Nikatia sahihi. Sikuuliza swali ambalo lingeulizwa na fundi wa wiki ya kwanza: je, kompyuta hizi mbili hazikuwa zimekwisha kuihifadhi fonti ile tangu Solange alipoanza kuichagua? Zilikuwa zimekwisha. Tulikuwa tukipima njaa ya watu wengine kwa matumbo yetu yaliyoshiba.

Mvua kubwa ikanyesha. Kamati ikapima maji, ikakuta manne kati ya mabomba yale yameingiliwa na maji machafu. Wakatuma ujumbe asubuhi, na kabla ya saa nne ukurasa ulikuwa hewani. Kichwa kilisema: MSINYWE MAJI YA MABOMBA HAYA. Chini yake, tarehe. Chini yake: Bomba la Reli, Bomba la Soko Dogo, Bomba la Shule, Bomba la Mteremko. Niliitia sahihi ile nayo.

Siku tatu baadaye mji ulijaa maneno. Mmoja alisema kamati imeficha ubaya wa maji. Mwingine alisema tovuti yetu imeingiliwa na wezi wa mtandao. Wa tatu alikuwa na hakika kwamba hakuna tangazo lolote lililotolewa. Mkurugenzi alikusanya maneno hayo yote kama mtu anayeokota kuni, akayaleta mezani kwangu. Nilimwuliza ni nani kati ya wasemaji hao aliyeuona ukurasa kwa macho yake. Hakujua. Nikachukua kofia yangu.

Nilikwenda malewani kwa Mama Feza, upande wa pili wa reli. Malewa ni pale mtu anapopika na kuuza chakula chini ya mabati manne, na pale kwa Mama Feza walikula mafundi wa reli na wapakiaji wa bandarini; ukitaka kujua jambo lililosomwa na watu, uwaulize watu wanaokula pamoja. Nilikuta meza tupu. Mama Feza alikuwa amekaa mbele ya moto usio na chungu.

"Papa, leo hakuna bukari," akasema, yaani ugali. "Wenye walikuwa wanakula hapa wako wanalala wagonjwa. Baba yangu njo iko ku hopitali tangu juzi. Ni kipindupindu."

Baba yake alikuwa mzee wa reli aliyestaafu, nilimjua kwa sura. Nikamwuliza maji waliyatoa wapi.

"Ku Bomba la Reli."

"Hamkuona tangazo, Mama?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Tuliona! Hatuna macho? Paje ile ilisema Bomba la Reli iko inafunguliwa. Muntu wa kwanza mwenye kuona njo mimi, na njo mimi nilitumia wengine."

"Nionyeshe."

Akatoa simu kutoka kwenye kitenge chake, simu yenye ufa wa pembeni uliozibwa kwa gundi ya plastiki. Hakufungua ukurasa, alifungua picha. Nanyi mnajua jinsi watu wetu wanavyofanya, nami nilipaswa kulijua kabla ya wengine wote. Mtu anawasha data, anafungua ukurasa, maneno yakitokea tu anapiga picha ya skrini, anazima data mara moja ili asile mega zake, kisha anawarushia jirani picha ile kutoka simu hadi simu, bila gharama. Mtaa mzima unasoma kwa mega za mtu mmoja. Ni utaratibu wa akili, na mimi niliyejidai kuwajua wasomaji wangu sikuuhesabu.

Katika picha ya Mama Feza kulikuwa na tarehe. Kulikuwa na majina manne ya mabomba, wazi kabisa. Na juu yake, pale palipotakiwa kuwa na kichwa, kulikuwa na nafasi nyeupe, tupu, safi, yenye upana wa kichwa changu cha maneno matano. Bila kichwa kile, ilikuwa orodha ile ile ya kila Jumatatu ya mabomba yatakayofunguliwa.

Nilimwomba awashe data na kuufungua ukurasa mbele yangu. Mnara ulikuwa dhaifu kama siku zote upande ule. Tarehe ikatokea. Mabomba yakatokea. Juu, weupe. Nilianza kuhesabu kwa sauti, na nilifika arobaini. Simu ile ya zamani ilikuwa ikisubiri fonti nzuri ifike kutoka ng'ambo, na kabla haijafika ilikataa kuonyesha hata herufi moja ya kichwa. Kwake kichwa kisicho na fonti yake kilikuwa bado hakijavaa, hakiruhusiwi kutoka nje.

"Unahesabu nini, Papa?" Mama Feza akauliza.

"Kosa," nikasema. "Lakini nitarudi kukuambia ni la nani. Usiteke maji pale. Na picha ile uifute."

Niliporudi ofisini nilimwomba Solange anifungulie ukurasa kwa simu yake mwenyewe, akiwa nje, mbali na mtandao wa ofisi, baada ya kufuta kila kilichohifadhiwa. Alitoka hadi kwenye reli. Alirudi na simu mkononi.

"Papa Ilunga, kichwa hakiko."

"Hakiko. Iondoe hiyo fonti sasa, kisha tutalaumiana."

Ilichukua dakika nane. Alirudisha Tahoma, ya akiba ikafuata, na agizo la jumla mwisho. Nilimwagiza pia aivunje kanuni yangu mwenyewe: mbele ya kila jina la bomba yaandikwe maneno *maji mabaya, msinywe*, ili hata kichwa kikipotea tena, kila mstari ujisemee. Lakini ukurasa uliosahihishwa haukuweza kuzifuta picha zilizokwisha kuenea. Picha haina njia ya kurudi kwetu kusahihishwa. Kwa hiyo tulichapa mabango, kichwa kikubwa kadiri karatasi ilivyoruhusu, na tukagawana: Solange mabomba mawili, mimi mawili. Pale Bomba la Mteremko nilikuta foleni. Mwanamume mmoja alinionyesha simu yake kwa dharau: "Papa, karatasi yako inadanganya. Ona, hapa wanasema iko muzuri." Ilikuwa ile picha. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyeiandika ile ya simu na mimi ndiye niliyeileta hii ya karatasi, na kwamba ya karatasi ndiyo ya kweli. Akamwaga ndoo yake, akasema: "Basi mara ingine uanze na ya kweli." Nikalibandika bango.

Jioni Mkurugenzi alituita. Alikuwa ameandaa taarifa.

"Tutasema ilikuwa rezo," akasema, yaani mtandao wa simu. "Kila muntu anajua rezo ya hapa. Hakuna mwenye atatuuliza."

"Rezo ilikuwa vile vile mwaka jana," nikasema, "na kichwa kilionekana. Rezo haikubadilika. Sisi ndio tuliobadilika."

"Papa Ilunga, unataka tupoteze kliyan, wateja wetu?"

"Nataka mtu akipata tena ile picha ajue ilitoka kwetu na ni mbaya. Tukisema ni rezo, ataendelea kuiamini, maana rezo haiandiki orodha ya mabomba."

Solange alikuwa amesimama mlangoni. "Directeur, ni mimi nilichagua ile fonti," akasema. "Jina langu liandikwe."

"Wewe ulichagua," nikamjibu mimi, "lakini hukuidhinisha. Kaa."

Mkurugenzi alikasirika, akasema nyumba ya kazi si kanisa la kuungama. Nilimweleza kwamba sikuwa nikiungama. Katika jalada kulikuwa na karatasi mbili zenye *bon à tirer*, zote mbili kwa mwandiko wangu. Nilikuwa nikisoma kilichoandikwa. Taarifa iliyotoka usiku ule, ukurasani na kwenye mabango ya kesho yake, ilisema kwamba tangazo la mabomba lilitoka bila kichwa kwa kosa la watengenezaji wa ukurasa, kwamba kila picha yenye nafasi nyeupe juu ifutwe, na chini yake lilikuwa jina langu kamili. Mkurugenzi hakusema nami kwa wiki tatu, na kazi ilikwenda vizuri sana wiki hizo.

Nilirudi kwa Mama Feza kama nilivyoahidi. Nilimweleza yote, bila kumrahisishia na bila kujirahisishia. Alisikiliza hadi mwisho huku akichambua mchele.

"Kwa hiyo ni weye, Papa."

"Ni mimi."

"Baba yangu alifanyaka kazi ya kuangalia sinyali za treni. Miaka yote. Kama taa haikuwaka, treni haikupita. Hakusemaka 'taa ni nzuri, tungoje itawaka.' Weye ulipitisha treni."

"Niliipitisha."

"Nilitumia watu ile picha na mikono yangu." Aliacha kuchambua. "Muko munajua ile ni nini, kuona watu wanakuambia 'aksanti Mama' juu ya ile kitu?"

 Kuna wakati maelezo ni namna nyingine ya kuomba usamehewe kwa bei rahisi. Baba yake alitoka hospitali baada ya siku kumi, akiwa amekonda sana, na wote waliokuwa wakila pale walipona. Nimelithibitisha hilo kwa kwenda kuwaona mmoja mmoja. Kama mnataka kujua ilikuwa bahati au dawa, waulizeni madaktari. Mimi najua tu kwamba haikuwa kazi yangu.

Tangu siku ile nilibadilisha utaratibu wa sahihi, na huu ndio utaratibu niliowaachia. Hakuna kichwa kinachopitishwa kwa kutazamwa katika kompyuta ya aliyekitengeneza. Kitatazamwa mtaani, kwa simu ya msomaji, kwa mnara wa msomaji, na data ikizimwa mara tu maneno ya kwanza yanapotokea, kama afanyavyo yeye. Yule msomaji ndiye wa kwanza kusema ndiyo. Mkisikia mtu akisema simu za siku hizi zimekwisha kuponya ugonjwa ule, kwamba zinaonyesha fonti ya akiba kwanza, msibishane naye. Mwombeni awaonyeshe kwa simu iliyopasuka, upande wa pili wa reli, siku ya mvua. Baadhi zinaonyesha. Nyingine nimezishika mwaka huu huu, nazo bado zinasubiri.

Mama Feza alikataa mara mbili kuwa msomaji wetu. Mara ya tatu, Solange alipokwenda peke yake, alikubali, lakini kwa sharti moja: asiulizwe kama kichwa kinapendeza.

Mvua za mwaka wangu wa mwisho kazini zilileta tangazo lingine. Bomba la Reli lilikuwa limeharibika tena. Solange na mimi tulifika malewani kabla ya saa sita, wakati mafundi wa reli walikuwa wamekwisha kukaa wakigonga sahani kwa vijiko. Chungu kikubwa kilikuwa kikichemka motoni. Mzee wa sinyali alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta. Mama Feza alifuta mikono, akachukua simu yake ile ile, akawasha data. Tulisubiri. Sikuhesabu kwa sauti, lakini nilihesabu.

Kichwa kilitokea kwanza, kabla ya tarehe, kabla ya kitu chochote, kwa herufi nene za kawaida zisizo na uzuri wowote. Akazima data. Akasoma. Akampa baba yake simu, naye akaisogeza mbali na macho, akasoma taratibu neno kwa neno, akairudisha.

Mama Feza hakututazama. Alishika chungu kwa vitambaa viwili, akakitoa motoni na kukimwaga chote kwenye mtaro, maji ya Bomba la Reli, unga na moto wa asubuhi nzima. Kisha akazigeuza ndoo mbili zilizokuwa zimejaa.

"Eh, Mama Feza!" fundi mmoja akapiga kelele. "Na sisi? Njaa inatuua hapa!"

"Njaa haitakuua leo. Muinuke wawili, mukamate hizi ndoo, muende bomba la juu. Mwenye hataki, aende akale kwake."

"Kule juu ni mbali!"

"Hopitali njo mbali zaidi. Nimeenda, nilihesabu."

Wawili waliinuka wakilalamika, na wa tatu akawafuata. Solange alikwenda nao, akiwa amebeba ndoo ndogo. Mimi nilibaki na mzee wa sinyali. Tulikula saa tisa, sote, mafundi wakiwa wamechelewa kazini na wakinitupia macho kana kwamba ni mimi niliyeharibu bomba.

Kesho yake nilipita karakana ya reli, na keshokutwa pia, nikawatafuta mmoja mmoja wale waliokula nasi pale. Wote walikuwa kazini.